Mwalimu Consolatha na Ndege wa Chumbi

Maji hayanywewi kwa vitisho. Mtu anayeyavamia kwa pupa, akajiapiza kwamba leo atayamaliza yote, mara nyingi huishia kukohoa huku kata imemwagika miguuni pake. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba mkamia maji hayanywi. Hawakumkataza mtu kuwa na kiu, maana kiu ni haki ya kila kiumbe. Walichokikataza ni kule kukitolea kitu macho mpaka usione kingine chochote, hata wale unaosema unakitafuta kwa ajili yao. Hayo ndiyo yaliyomfika Mwalimu Consolatha wa Chuo cha Ualimu Mikoroshini, nje kidogo ya mji wa Kibiti, na kiu yake yeye ilikuwa ya kikombe.

Kikombe chenyewe, kusema kweli, hakikuwa cha kumtoa mtu roho. Kilikuwa cha bati lililopakwa rangi ya dhahabu, chenye masikio mawili makubwa, na kila mwaka kilishindaniwa na vyuo vinne vilivyoongoza ligi ya kanda ya mpira wa kikapu wa wasichana. Mwalimu Consolatha alikuwa ametoka kwao Karagwe miaka mitatu nyuma, akaletwa Mikoroshini kufundisha hisabati. Alikuta uwanja wa udongo, nguzo moja iliyoinama kama mlevi, na wasichana waliojua rede tu. Akahangaika kutafuta saruji, akahangaika kutafuta nyavu, akawafundisha kudunda mpira, kupasi na kuruka. Mwaka jana timu hiyo iliyoanzia mavumbini ilifika fainali, na fainali hiyo ndiyo iliyomharibia usingizi.

Walicheza na Chuo cha Bondeni cha Morogoro. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Mikoroshini wakiwa nyuma kwa pointi moja, mchezaji wao Nusaiba alichezewa vibaya akapewa mitupo miwili ya adhabu. Msichana huyu wa Chumbi alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote chuoni. Aliposimama mstarini, Mwalimu Consolatha alikuwa ukingoni mwa uwanja akipiga kelele, mishipa imemtoka shingoni: "Kunja magoti! Kiwiko ndani! Usiharakishe! Haya, rusha! Usikose, Nusaiba, usikose!" Nusaiba akakosa wa kwanza, akakosa na wa pili.

Mwaka huu walimaliza ligi wakiwa wa pili, na matumaini yalikuwa makubwa. Pale stendi ya Kibiti, hata madereva wa bodaboda ambao kanuni za mchezo hawakuzijua walijifanya mabingwa wa kuutabiri. Mmoja alisema hakuna wa kumzuia Wilhelmina, nahodha wa timu, binti wa Mbinga aliyeshika ubao bila kuruka sana. Mwingine akajibu kwamba urefu si kitu. Timu ni mkono wa Nusaiba, na mkono huo ukiamka vizuri, Bondeni watabaki na vumbi la Mikoroshini masikioni. Walibishana mpaka abiria wakachoka kungoja.

Mwalimu Consolatha naye hakutaka kusikia habari ya matumaini. Alitaka uhakika. Aliwaamsha wasichana kabla ya jogoo, akawarudisha uwanjani baada ya masomo, akawaachia giza lilipowaficha mpira. Alibandika picha ya kikombe kwenye mlango wa bweni ili wakiamka wakione na wakilala wakiote. Alipiga marufuku kucheka uwanjani. Kubwa zaidi, aliweka sheria kwamba Nusaiba akikosa mtupo mmoja wa adhabu, timu nzima izunguke uwanja. Alidhani sheria hiyo ingemkaza mkono. Kweli ulikazika, ila ulikazika kama ugali wa jana.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Mtoro, mzaliwa wa hukohuko Rufiji, mtu wa maneno machache na mizaha mingi, alisimama siku moja akawatazama wasichana wakizunguka kwa mara ya sijui ngapi.

"Mwalimu, watoto hawa unawafundisha au unawakamua?" aliuliza.

"Mkuu, kikombe hakiji kwa kubembelezwa," alijibu Consolatha bila kugeuka.

"Haya. Lakini hata ng'ombe akikamuliwa sana hutoa damu," alisema Mtoro, akaenda zake ofisini.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya safari ya Morogoro pale Nusaiba alipobisha hodi ofisi ya walimu. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyejiandaa kukimbia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umemaliza mitupo yako?"

"Nimemaliza. Mwalimu, nimepigiwa simu kutoka nyumbani. Mama ameteleza kwenye ngazi ya dungu, kile kibanda cha kulindia mpunga, mguu umevimba, hata kuukanyagia hawezi. Na mpunga umetia maziwa, ndege wameshaingia bondeni. Naomba ruhusa nikaamie, niwafukuze ndege mpaka apate nafuu."

"Hakuna jirani wa kumsaidia?"

"Kila jirani yuko juu ya dungu lake, Mwalimu. Wakati huu Chumbi hakuna mtu wa kuazima."

Hapa ndipo Mwalimu Consolatha alipokosea, na kosa lake lilikuwa la mtu aliyelelewa migombani. Kwao ndege alikuwa kitu cha kuimba asubuhi. Alipoambiwa ndege wameingia shambani, aliona akilini vindege vitatu vinne vikidonoa pembeni, vikishiba viondoke. Hakujua kwamba kwa mtu wa bonde la Rufiji, mpunga wenye maziwa usiokuwa na mwamiaji ni mpunga uliokwisha kuliwa.

"Nusaiba, mpunga hulimwa kila mwaka," alisema. "Ninyi mnamaliza chuo mwaka huu. Nafasi hii hairudi tena. Mwambie mama avumilie mpaka tutoke Morogoro."

"Sawa, Mwalimu," alisema Nusaiba, kwa sauti ambayo haikuwa na kitu ndani yake.

Asubuhi iliyofuata kitanda chake kilikuwa kitupu. Jezi yake ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya mto wa Wilhelmina. Mwalimu Consolatha aliishika ile jezi, damu ikamchemka.

"Amesema nini?" alimuuliza nahodha.

Wilhelmina aliinamisha kichwa. "Amesema tumsamehe, Mwalimu. Amesema angalau sasa hatutazunguka tena uwanja kwa ajili yake."

Maneno hayo yalimchoma, lakini hasira ilikuwa mbele ya maumivu. Alimngoja siku mbili, hakurudi. Akaitia jezi mkobani, akapanda basi la kwenda Ikwiriri, na kutoka hapo akakodi pikipiki mpaka Chumbi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia binti yule, na kila alipoyapanga yaliongezeka ukali. Pikipiki ilipofika mwisho wa njia alivua viatu, akashika ukingo wa shamba, akaingia bondeni.

Mpunga ulikuwa umetanda mpaka macho yanapochoka. Hapa na pale yalisimama madungu, vibanda vya makuti juu ya miti mirefu, na kila dungu lilikuwa na mtu wake. Makopo yalilia huku, mluzi ukajibu kule, mwanamke akaimba, mwingine akamtania kwa wimbo uleule. Consolatha aliulizia shamba la Bi Zabibu, mama yake Nusaiba, akaonyeshwa kwa kidevu. Alipoinua macho alimwona mwanafunzi wake, akasimama.

Nusaiba alikuwa juu ya dungu, kanga kiunoni, kipande cha muwa mdomoni, mguu mmoja umekunjwa kama korongo. Alichukua donge la udongo, akalirusha bila hata kulitazama. Donge likapaa juu, likapinda, likashuka palepale kundi la ndege lilipotaka kutua. Ndege wakaruka. Jirani wa dungu lililofuata akampigia kelele kwamba hiyo ilikuwa bahati, na Nusaiba akacheka kicheko kirefu, akarusha jingine likaanguka palepale. Alivunja kila sheria ambayo Mwalimu Consolatha aliwahi kuiweka. Alisimama kwa mguu mmoja, kiwiko kilikuwa nje, na alikuwa akicheka. Mabega yake yalikuwa yamelegea kama ya mtu anayekoga mtoni. Consolatha alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alipomwona hivyo, asikumbuke.

"Hodi hapa," alisema alipofika chini ya dungu.

"Karibu, Mwalimu, karibu. Pita ukae, mguu wangu usikutishe, bado haujaoza," alisema Bi Zabibu. Alikuwa ameketi mkekani, mguu umefungwa kitambaa na kuegeshwa juu ya gunia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya utani hata akiwa na maumivu.

"Shikamoo, Mama. Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa. Umekuja kumchukua mwenzangu."

"Nimekuja tuzungumze, Mama."

"Basi tuzungumze. Huko chuoni mnawahesabisha nini wanenu? Maana huyu tangu aje hulala hapa ubavuni kwangu, na usingizini anahesabu. Moja, mbili, tatu. Akifika mbele kidogo analia: nimekosa, nimekosa, tunazunguka. Nilidhani ameingiwa na jini la hesabu."

Bi Zabibu alisema hayo kwa kucheka, lakini Mwalimu Consolatha hakucheka. Yale maneno makali aliyoyapanga njia nzima aliyaweka kando.

Nusaiba alikuwa ameshuka ngazi. Alipomwona mwalimu wake, mabega yale yaliyokuwa yamelegea yalipanda mpaka karibu na masikio. Alipiga goti kuamkia. Consolatha aliyatazama mabega yale, akaelewa. Siku zote alidhani mtoto huyu anaogopa kikapu, au umati wa watu, au Bondeni. Kumbe alimwogopa yeye. Ilimuuma kama mtu aliyegundua kwamba mzigo alioupigia kelele njia nzima kaubeba mwenyewe.

"Nusaiba," alisema kwa upole, "mbona huku hukosi?"

"Nakosa, Mwalimu. Nakosa sana. Ila huku nikikosa, ndege anaruka kidogo anarudi, na mimi narusha tena. Kule nikikosa, naona uso wako."

Papo hapo Bi Zabibu alipaza sauti: "Hao! Hao wanakuja!"

Wingu lilikuwa limetokea upande wa mtoni, ila lilikuwa wingu lenye uhai. Kwelea kwelea, maelfu kwa maelfu, walijikunja na kujikunjua hewani, na sauti ya mbawa zao ilikuwa kama mvua inayokuja juu ya mabati. Nusaiba alikwea dungu mbio. Lakini shamba la Bi Zabibu lilikuwa refu, na mwisho wake kulikuwa na dungu la pili ambalo lilikuwa tupu tangu mama mtu alipoanguka. Wingu lilielekea huko. Mwalimu Consolatha hakujiuliza. Alikunja sketi, akakimbia kwenye ukingo, akakwea ngazi ileile iliyomwangusha Bi Zabibu, na alipofika juu akafanya jambo pekee alilolijua. Akafoka.

Alifoka kwa sauti yake yote ya uwanjani, ile iliyowaamsha wasichana kabla ya jogoo. Ndege wakaruka. Akafurahi kama mtoto. Wakarudi, akafoka tena. Wakaenda, wakarudi, akafoka. Hivyo ndivyo alivyoshinda mpaka jua likazama, na madungu ya jirani yaliacha hata kuimba ili kumsikiliza mwalimu wa Kibiti akigombana na ndege.

Ndege walipokwenda kulala, alishuka akarudi kwa Bi Zabibu. Alifungua mdomo kuomba maji, ikatoka pumzi tu. Sauti ilikuwa imempwea kabisa.

Bi Zabibu alimtazama, akacheka mpaka akashika mguu wake kwa maumivu. "Ole wangu! Mwalimu, kwani kamba hukuiona?"

Kamba gani? Consolatha aliuliza kwa mikono.

"Ile iliyofungwa pembeni pako, juu ya dungu! Imepita shamba zima, ina makopo. Unaivuta kidogo tu, hivi, ndege wanaondoka, wewe unaendelea na muwa wako. Ndege hafukuzwi kwa koo, mwanangu. Ukifoka asubuhi wanakimbia, mchana wanakuzoea, jioni wanakuona kama redio."

Nusaiba aliziba mdomo kwa kanga asicheke mbele ya mwalimu wake. Lakini Consolatha mwenyewe alianza kutikisika, akacheka bila sauti, machozi yakamtoka, na hapo Nusaiba hakuweza kujizuia tena. Walicheka wote watatu juu ya mkeka ule. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwalimu na mwanafunzi kucheka pamoja tangu fainali ya mwaka jana.

Baada ya chakula Consolatha alimpigia simu mkuu wa chuo. Ilibidi aseme neno lilelile mara mbili mbili ndipo lisikike.

"Nani huyu?" aliuliza Mwalimu Mtoro.

"Ni mimi, Mkuu. Consolatha. Naomba kesho uwalete wasichana wote huku Chumbi. Tuamie."

"Na mazoezi?"

"Watafanyia hukuhuku."

"Na kikombe, Mwalimu?"

Consolatha alimtazama Nusaiba, aliyekuwa amelala ubavuni kwa mamaye. Usiku huo hakuwa akihesabu. "Kikipatikana kitapatikana, Mkuu. Mpunga huu ukiliwa umeliwa."

"Haya," alisema Mtoro, na sauti yake ilikuwa na tabasamu. "Kesho nawatafutia gari."

Siku zilizofuata ziligeuka kuwa za raha ambayo hakuna aliyeipanga. Wasichana waligawanyika madunguni wawili wawili, wengine wakaenda kuwapumzisha majirani. Mchana jua lilipokuwa kali na ndege wamejificha kwenye miti, walicheza. Walichukua tenga bovu, wakalitoboa kitako, wakalifunga kwenye nguzo ya dungu, wakacheza peku juu ya udongo mkavu. Mwalimu Consolatha hakuweza kufoka hata angetaka. Alichoweza ni kuvuta kamba. Makopo yakilia mara moja, maana yake simameni. Yakilia mara mbili, endeleeni. Mengine yote ilibidi wayaone wenyewe, nao wakaanza kuyaona. Wilhelmina akajifunza kumtafuta mwenzake kwa jicho badala ya kungoja aelekezwe. Nusaiba alirusha kutoka kila upande, akikosa anacheka, akipata anacheka. Bi Zabibu aliketi mkekani akihesabu pointi, na aliwapendelea waziwazi wale waliomletea maji ya kunywa. Consolatha aliwatazama akajisikia amewapenda upya, kama ndiyo kwanza amekutana nao.

Ilipofika siku ya kuondoka, mpunga ulikuwa umeanza kukaza na ndege wamepungua. Bi Zabibu alikuwa anachechemea kwa fimbo, na Mzee Mshamu, jirani aliyevuna mapema, alisema ataamia siku zilizosalia.

Consolatha alimvuta Nusaiba pembeni. Sauti yake ilikuwa bado mnong'ono. "Ukitaka kubaki na mama, baki. Sitakununia, nakuapia."

Nusaiba alimtazama mama yake.

"Nenda," alisema Bi Zabibu. "Mmenipigia makelele ya kutosha, na mimi nataka kulala."

"Na nikikosa, Mwalimu?" aliuliza Nusaiba.

"Ukikosa, utarusha tena."

Nusaiba alinyoosha mkono, akachukua jezi yake mkobani mwa mwalimu.

Waliingia Morogoro wakiwa na ngozi zilizoungua na vidole vyenye sugu za kamba, na hakuna aliyewapa nafasi. Watu walikuwa wamesikia kwamba Mikoroshini wameacha mazoezi wakaenda kufukuza ndege. "Hao wamekuja kutalii," alisema mtazamaji mmoja. Lakini nusu fainali waliishinda kwa wepesi ambao wenyewe waliushangaa, na keshoye wakajikuta tena mbele ya Bondeni.

Bondeni walikuwa wazuri, hilo lazima lisemwe. Walikuwa na nguvu na walijua mchezo. Ila ukingoni mwa uwanja mwalimu wao, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni, alikuwa akifoka bila kupumzika. Kila pasi aliikosoa, kila kosa aliligombeza, na wasichana wake walicheza jicho moja kwenye mpira na jicho moja kwake. Midomo yao ilikuwa imekauka. Consolatha alimtazama, akajiona mwenyewe mwaka jana kama mtu anayejitazama kwenye kioo cha dirisha la basi. Alimwonea huruma, na zaidi akawaonea huruma wale mabinti.

Mchezo ulikwenda bega kwa bega. Bondeni walitangulia, Mikoroshini wakawafikia, wakaachwa tena. Sekunde za mwisho zilipofika, Mikoroshini walikuwa nyuma kwa pointi moja. Wilhelmina alidaka mpira chini ya ubao, akamwona Nusaiba bila kuambiwa, akampa. Nusaiba aliruka, mkono wa mlinzi ukamwangukia begani, filimbi ikalia. Mitupo miwili. Uwanja mzima ukasimama, maana wengi waliikumbuka ya mwaka jana.

Nusaiba alisimama mstarini. Akarusha. Mpira ulizunguka kwenye chuma kama unaotafuta mlango, ukaingia. Sasa walikuwa sawa kwa sawa, na umebaki mtupo mmoja. Hapo ndipo mabega yake yalipoanza kupanda. Yalipanda polepole, na bila kujijua aligeuza macho kwenye benchi, kuutafuta ule uso.

Mwalimu Consolatha alikuwa ameshasimama. Mazoea yana taabu. Kiu ya miaka mitatu ilimpanda kooni, akafungua mdomo kusema kunja magoti, kiwiko ndani, usikose. Sauti haikutoka. Ilitoka pumzi kavu, kama upepo unaopita tundu la ufunguo. Wakatazamana, mwalimu na mwanafunzi, na Consolatha akaufunga mdomo. Akainua mkono wake wa kulia, akashika kamba isiyoonekana, akaivuta kidogo. Mara moja. Halafu akaivuta tena.

Mara mbili. Endelea.

Nusaiba aliangua kicheko. Benchi zima likashika kamba na kuvuta, na mwamuzi akawatazama kama watu waliopagawa. Mabega ya Nusaiba yakashuka. Akainua mpira, kiwiko nje, magoti nusunusu, akauachia kama anayerusha donge la udongo.

Consolatha hakuuona mpira huo ulipokwenda. Ninakuambia kweli, mwanamke aliyekitolea kikombe macho kwa miaka mitatu hakuona mtupo uliokileta. Alikuwa akiyatazama mabega ya mtoto wake, akiyaona yamelegea, na moyoni alikuwa amesharidhika. Ilibidi amshike mkono msichana wa akiba aliyekuwa karibu naye.

"Umeingia?" alinong'ona.

"Umeingia, Mwalimu! Umeingia!"

Bondeni walikuwa na muda wa kutosha kwa pasi mbili na mtupo mzuri. Lakini mwalimu wao alikuwa akifoka, "Rusha! Rusha sasa! Usikose!" na mchezaji wao bora akauvurumisha kutoka mbali, kwa papara, hata ubao haukuguswa. Filimbi ya mwisho ikalia. Msichana yule akaketi palepale sakafuni, uso magotini. Wenzake Nusaiba walikuwa wakimrukia shingoni, lakini yeye alijinasua, akaenda akachutama karibu na yule binti.

"Pole, dada," alimwambia. "Mwaka jana nilikuwa mimi."

Mpunga wa Chumbi ulipovunwa, timu nzima ilialikwa kula mchele mpya. Mwalimu Mtoro alikuja pia, akala sahani mbili, akasema yeye alijua tangu mwanzo. Kikombe kilipitishwa mkono kwa mkono. Bi Zabibu alikipindua, akakigonga kwa ukucha, akasema kwamba ni bati tupu, ila kwa kupimia mchele kingefaa. Kisha akachechemea mpaka kwenye mtungi, akakisuuza, akakijaza maji, akampa Mwalimu Consolatha.

"Kunywa, Mwalimu. Taratibu lakini, koo lako bado jeraha."

Consolatha alikipokea kwa mikono miwili. Nusaiba alikuwa ameketi karibu naye, kichwa kimeegemea begani pake bila woga wowote. Alikunywa funda moja dogo, akatua, akanywa la pili, kisha akampa mwanafunzi wake, naye akanywa. Mwaka alioyakamia, maji yale yalimwagika yakiwa karibu kabisa na midomo yake. Mwaka alioyaacha yaje yenyewe, yalimfika baridi na matamu, na yakabaki ya kumgawia mwenziwe. Basi aaminiye kwamba pupa ndiyo njia na akaulizie Chumbi, atajibiwa na hata ndege: mkamia maji hayanywi.